Tairi gumu halizuii pancha: dhana potofu kuhusu safari za makorongo ya Australia

Wanaojiandaa kwenda Kimberley au Karijini, nyika za makorongo huko Australia Magharibi, huja na maswali mazuri kuhusu gari, hema na friji. Ukifika kwenye upepo wa tairi, jibu huwa lile lile: "Nimejaza hadi 45 psi, sitaki pancha njiani." Msemaji anaamini amejikinga. Kwa kweli amejitafutia pancha, na amelitafuta katika Gibb River Road, barabara ya kilomita 660 hivi kutoka Derby hadi karibu na Kununurra, ambako fundi wa kuziba tairi anaweza kuwa umbali wa nusu siku.

Dhana: Tairi likijazwa sana halitoboki

Mawe ya Kimberley hayajaviringika kama kokoto za mtoni. Yamevunjika, yana kingo kali, na greda linapopita huyaacha yamesimama juu. Gari lililopakiwa kwa safari linakaribia tani tatu. Mpira uliovutwa kwa upepo mwingi ukikanyaga ncha ya jiwe, uzito wote unaokaa kwenye gurudumu lile unaangukia sehemu ndogo isiyoweza kubonyea, na lazima kitu kipasuke. Tairi lililopunguzwa upepo hubonyea, hulipokea jiwe, uzito ukasambaa, kisha hurudi umbo lake. Ndiyo sababu yenye nguvu kuliko zote ya kupunguza upepo. Kupunguza mtikisiko ni faida ya pili.

Kwa gari la ukubwa wa Land Cruiser au Hilux lenye tairi za LT (tairi nzito za magari ya mizigo midogo) na mzigo wa kawaida wa kambi, anzia hapa: kwenye lami 36 hadi 40 psi, nyuma pakizidi mbele kidogo kwa sababu ya mzigo. Ukifika mwisho wa lami, shusha mbele hadi 28 na nyuma hadi 30 au 32. Mchangani, 16 hadi 18. Kwenye mawe makubwa unayopanda taratibu, 22 hadi 25. Hivyo ni vianzio tu, kwa sababu gari lako lina mzigo wake, na tairi lenyewe ndilo litakalokuambia kama umepatia. Namna ya kuliuliza ni hii.

Pima asubuhi kabla gari halijatembea na kabla jua halijapiga upande mmoja. Andika namba za matairi yote, ya trela pia. Endesha saa moja hivi kwa mwendo wako wa kawaida, simama, pima tena. Kwa tairi za LT upepo unapaswa kuwa umepanda 4 hadi 6 psi kwa sababu ya joto. Ukipanda 8 au zaidi, tairi linajikunja kupita kiasi: upepo ni mdogo mno kwa mzigo ule, au unakimbia mno. Ongeza 2 au punguza mwendo. Ukiwa haujapanda hata 3, tairi ni gumu mno kwa barabara ile, na unaweza kushusha kidogo. Usifungue upepo wa tairi la moto ili kulirudisha kwenye namba ya asubuhi. Hilo ni kosa la kawaida sana. Upepo uliopanda kwa joto ni wa kawaida, na ukiutoa, tairi litajikunja zaidi, litapata joto zaidi, na kesho asubuhi utalikuta chini kuliko ulivyokusudia.

Nusu ya pili ya somo ndiyo wengi wanayoisahau. Mtu akisikia "punguza upepo" hushusha hadi 25, kisha anaendelea na kilomita 100 kwa saa kama yuko kwenye lami. Ubavu wa tairi unajikunja na kunyooka mara nyingi kila sekunde, joto linajikusanya ndani, nyuzi zinaachana na mpira, na tairi linapasuka lote kwa kishindo. Halafu anarudi mjini kusema upepo mdogo ndio uliomponza. Upepo mdogo na mwendo mdogo havitenganishwi. Kwa 28 hadi 32 psi kaa kwenye kilomita 60 hadi 80 kwa saa, na chini ya hapo barabara inapokuwa mbovu. Kwa 18 psi usivuke kilomita 40 kwa saa. Ukirudi kwenye lami toa kompresa ujaze kabla ya kuondoka, usiseme utajaza mbele ya safari.

Upepo sahihi hauliokoi tairi lisilofaa. Tafuta herufi LT ubavuni. Magari mengi mapya, hata yale yenye sura ya porini, hutoka dukani na tairi nyepesi za lami zenye ubavu mwembamba. Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT ulioandikwa hapo hapo ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliozidi miaka sita huwa umeanza kukakamaa, hata kama kashata zake (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga) bado ndefu. Na tairi la akiba lina umri pia, hata kama halijawahi kugusa barabara.

Beba spea mbili zenye ukubwa ule ule wa tairi zilizofungwa. Ile spea nyembamba ya muda haifai kabisa huku. Kabla ya kuondoka nyumbani, ishushe spea inayoning'inia chini ya gari kwa mnyororo. Vumbi na kutu hukamata ile winchi ndogo, na hutaki kuligundua hilo huku umelala mgongoni juu ya changarawe ya moto. Beba kipande cha ubao mnene, sentimita 30 kwa 30, cha kuweka chini ya jeki isizame. Kaza nati tena baada ya kilomita 50 tangu ubadilishe gurudumu. Vile vijiti vya mpira vya kuziba pancha vinafaa sehemu ya kukanyagia tu. Tairi lililochanika ubavuni ukilizibia, umepata namna ya kujikokota polepole hadi kwenye msaada, basi.

Dhana: Kimbia, utaruka juu ya vijituta

Hii ni ndugu ya ile ya kwanza, na madereva waliozoea barabara ya kuingia Serengeti huileta kwa kujiamini. Vile vijituta vinavyofuatana barabarani hutengenezwa na magurudumu yenyewe yanayodunda, na ni kweli kwamba ukifika kama 80 mtikisiko hupungua. Unapungua kwa sababu tairi linagusa vilele tu. Katikati ya kilele na kilele liko hewani, halina breki wala usukani. Kona ikija, au ng'ombe akitoka majanini (mashamba mengi ya mifugo huku hayana uzio kando ya barabara), gari linateleza upande bila kukusikiliza.

Huku juu unasikia utulivu, chini shokapu zinafanya kazi bila kupumzika. Mafuta yake yanachemka, yanapoteza nguvu ya kuzuia springi, halafu sili zinavuja. Kila kituo pitisha mkono karibu nazo. Zikiwa za moto kiasi kwamba huwezi kuzigusa, kaa dakika 20 kivulini na uendelee kwa mwendo mdogo. Papo hapo angalia vifungio vya betri, boliti za keria na waya zinazosuguana. Mzigo mzito usikae juu ya paa. Keria huanza kupasuka kwenye maungio yake, na ufa wa kwanza ni mwembamba kama unywele, umejaa vumbi jekundu. Ukiuona, teremsha mzigo siku hiyo hiyo.

Dhana: Desemba ni likizo, ndio wakati wa kwenda

Hapana. Kaskazini mwa Australia msimu wa mvua ni Novemba hadi Aprili. Gibb River Road hufungwa mvua zikikolea, na kwa kawaida husubiri hadi karibu Mei kufunguliwa yote. Januari 2023 mafuriko ya mto Fitzroy yalivunja daraja la barabara kuu pale Fitzroy Crossing, daraja la lami lenye malori, achilia mbali vivuko vya changarawe. Karijini iko kusini zaidi, katika Pilbara, lakini Desemba joto lake hupita nyuzi 40. Nenda Mei hadi Septemba. Mwenye likizo ya Desemba tu achague kusini mwa nchi.

Dhana: Hakuna mawingu juu yangu, korongo ni salama

Maji yanayoua kwenye korongo huwa yamenyesha kwingine. Hancock, Weano na Knox pale Karijini ni mipasuko myembamba yenye kuta za mwamba, na mahali pengine mtu hupita akigusa kuta zote mbili. Mvua ikipiga uwanda wa juu, mwamba haunywi maji. Yote yanateremka kwenye mpasuko ule ule ulimo wewe, na hakuna pa kukimbilia ila kule ulikoingilia. Angalia utabiri wa eneo zima la juu, na mawingu yakianza kujengeka upande wowote, toka. Askari wa hifadhi akifunga korongo siku yenye jua, ana taarifa usizo nazo.

Kuna jambo jingine kuhusu makorongo hayo ambalo wageni hulipuuza: baridi. Mabwawa yaliyo chini, yasiyoonwa na jua siku nzima, huwa ya baridi kali hata juu kukiwa na nyuzi 30, na kati ya Juni na Agosti mtu aliyeogelea mabwawa mawili matatu mfululizo huanza kutetemeka, vidole vikafa ganzi, kisha anatakiwa kupanda mwamba unaoteleza kwa vidole hivyo. Beba nguo kavu kwenye mfuko usioingiza maji. Njia za Karijini zimepangwa kwa madaraja hadi la 6, na zile za daraja la 5 si za ndala wala za mtoto wa kubebwa.

Dhana: Mto ulio mbali na bahari hauna mamba wakubwa

Kimberley ina aina mbili. Wale wadogo wenye pua nyembamba, wanaoonekana kwa makumi wakiota jua Windjana Gorge, huwa hawamsumbui mtu asiyewasumbua. Wale wakubwa, ambao dume lake linaweza kupita mita 5, hupanda mito mbali sana kutoka baharini na hukaa kwenye maji yasiyo na chumvi bila shida. Kwa hiyo kanuni ya kutembea mtoni kwa miguu kupima kina kabla ya kuvuka na gari ni nzuri, isipokuwa penye mamba. Mto Pentecost ni mahali hapo. Usiingie majini. Soma nguzo ya kina, tazama gari jingine likivuka, au subiri. Piga kambi angalau mita 50 kutoka ukingoni, usisafishe samaki hapo, na usichote maji mahali pamoja kila siku.

Kuvuka kwenyewe: acha difu zipoe dakika kadhaa kwanza. Difu la moto likizamishwa ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili. Kisha gia nzito, namba mbili, mwendo wa mtu anayetembea, bila kubadili gia katikati. Mto uliofurika hauvukwi na gari lolote.

Dhana: 4x4 inaingia popote, na karavani inafuata

Njia ya kuingia Purnululu, kwenye zile kuba zenye milia za Bungle Bungle, ni kilomita 53 tu kutoka barabara kuu, nazo huchukua saa mbili hadi tatu. Trela linaloruhusiwa ni la nyikani lenye ekseli moja. Karavani ya kawaida inabaki barabara kuu. Na soma mkataba wa gari la kukodi, maana mingi inakataza Gibb River Road hata kama gari lenyewe ni 4x4.

Dhana: Gari likifa, tembea ukatafute msaada

Kaa na gari. Gari lina kivuli, maji na rangi inayoonekana kutoka angani, na mtu peke yake kichakani hana hata kimoja. Maji ni lita 10 kwa kila mtu kwa siku, pamoja na akiba ya siku kadhaa, na yawe kwenye madumu tofauti kwa sababu dumu moja likitoboka kwa kusuguliwa njiani umemaliza yote. Simu haina mtandao kwa sehemu kubwa ya njia. Simu mpya zenye SOS ya setilaiti zinasaidia, lakini beba PLB, kifaa kidogo cha kutuma ishara ya dharura kwa setilaiti, ya masafa ya 406 MHz, na isajili kwa AMSA, mamlaka ya usalama wa bahari ya Australia. Usajili ni bure, na ndio unaowawezesha waokoaji kujua wewe ni nani na kumpigia simu mtu wako aliye nyumbani. Mtu huyo awe na njia yako kwa maandishi, pamoja na siku ya kufika kila kambi. Ukilazimika kuiwasha, iwashe mahali penye anga wazi. Aliyeumia chini ya korongo jembamba anahitaji mwenzake aipandishe juu kwanza, kwa hiyo kifaa kinabebwa na watu wanaotembea, hakiachwi kwenye dashibodi.