Baiskeli baada ya upasuaji wa tezi dume: yanayosemwa Busia na yaliyo kweli

Huku Busia, kama ilivyo Tororo na Mbale, baiskeli si mchezo wa Jumapili. Ni mkate. Boda boda yenyewe ilizaliwa hapa mpakani mwa Kenya na Uganda miaka ya 1960, abiria akiwa amekaa kwenye keria ya baiskeli. Kwa hiyo mzee akirudi nyumbani kutoka hospitalini baada ya upasuaji wa tezi dume, haulizi sana habari za dawa. Anauliza atapanda lini. Majibu anayopewa kijiweni ni mengi, na mengi yake hayafai.

"Mzee, hiyo baiskeli wagawie wajukuu."

Si kweli. Wengi hurudi kwenye baiskeli zao. Kosa ni kudhani upasuaji ni wa aina moja. Tezi iliyovimba tu kwa umri, bila saratani, mara nyingi hupunguzwa kwa kifaa kinachopitishwa ndani ya njia ya mkojo, au tumbo hufunguliwa chini ya kitovu na nyama iliyozidi ikatolewa, ganda la tezi likabaki. Saratani ambayo haijasambaa ndiyo inayoweza kumfanya daktari aondoe tezi nzima, kisha akaunganisha kibofu na mrija wa mkojo kwa mshono. Aliyepitishiwa kifaa kwa kawaida huambiwa asubiri wiki 4 hadi 6. Aliyetolewa tezi nzima huambiwa wiki 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi. Jirani yako aliyepanda baada ya mwezi mmoja huenda hakufanyiwa ulichofanyiwa wewe. Muulize aliyekupasua, yeye ndiye aliyeona ndani.

Na kwa wale wanaonong'ona kwamba mzee "amehasiwa": tezi dume iko chini ya kibofu, korodani ziko kwingine. Kuna upasuaji wa kuondoa korodani kwa saratani iliyosambaa, lakini huo ni mwingine, na mgonjwa huelezwa kabla.

"Mimi sikupasuliwa tumbo, kwa hiyo sina kidonda."

Maneno haya ndiyo yanayorudisha watu wodini. Kifaa kilikwangua kwa ndani, kikaacha kidonda kibichi ambacho hakuna anayekiona. Karibu wiki ya pili gaga lake hubanduka, na mkojo unaweza kugeuka mwekundu tena wakati mtu ameshajiona mzima, pengine ameshafika sokoni. Damu kidogo inayopungua ukipumzika na kunywa maji haishangazi. Ukiona mabonge ya damu, homa, au mkojo umegoma kabisa kutoka, hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo, wala si kwa baiskeli.

Aliyetolewa tezi nzima ana jambo lake. Ule mshono wa kibofu na mrija uko juu kidogo tu ya msamba, yaani pale kati ya korodani na njia ya haja kubwa, na hapo ndipo pua ya siti inapokandamiza. Kovu la tumbo kukauka hakukuambii lolote kuhusu mshono huo. Mpira wa mkojo nao, ambao kwa upasuaji huu hukaa wiki moja hadi mbili, ukitolewa isichukuliwe kuwa ni ruhusa ya kupanda.

"Sitaipanda, nitaisukuma tu."

Hapa ndipo ninapotofautiana na vijikaratasi vingi vya ushauri, ambavyo vimeandikiwa watu wanaopanda baiskeli kwa mazoezi. Vinazungumzia siti kurasa mbili na havigusi mzigo. Hapa kwetu baiskeli hubeba mikungu mitatu ya matooke, gunia la makaa, au jerikani za maji, na jerikani moja ya lita 20 ni kilo 20. Tazama mtu anayesukuma mzigo huo kupanda kilima: mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma kwenye mzigo, pumzi ameibana, tumbo limekaza kama ngoma. Ule mkazo unashuka moja kwa moja kwenye kibofu na kwenye kidonda. Aliyefunguliwa tumbo anajitafutia ngiri kwenye mshono. Aliyepitishiwa kifaa anaamsha damu. Kwa maoni yangu, mwezi ule wa kwanza baiskeli iliyopakiwa ina hatari kuliko baiskeli tupu iliyopandwa taratibu, na ni afadhali kumlipa kijana abebe maji kuliko kununua siti mpya.

Kutembea kwa miguu, kinyume chake, kunatakiwa tangu siku za mwanzo, kwa sababu damu huweza kuganda miguuni kwa mgonjwa anayelala tu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, usingoje kesho.

Pikipiki? Kukaa kwa kutanua miguu kwenye barabara ya murramu yenye mashimo hakutofautiani sana na baiskeli. Siku ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, panda gari.

"Funga sponji nene kwenye siti."

Fundi yeyote atakufungia, kwa kipande cha tyubu, na ukikalia mara ya kwanza utafurahi. Lakini sponji laini sana huzama pale mifupa ya makalio inapokaa, na katikati hufura juu, ikasukuma msamba uleule unaotaka kuulinda. Siti inayofaa ni pana kiasi kwa nyuma, ngumu kiasi, yenye mfereji au tundu katikati, na pua yake isielekee juu. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya polisi wa baiskeli waliopewa siti zisizo na pua kwa miezi 6: ganzi ya msamba ilipungua. Siti za aina hiyo ni adimu madukani kwetu. Kulegeza nati na kushusha pua kidogo ni kazi ya spana ya dakika moja.

Kuna pia ile paipu ya juu. Kurusha mguu juu yake ni kujipasua mshono bure. Baiskeli ya kike, isiyo na paipu hiyo, inafaa sana kwa miezi ya mwanzo. Wazee huona aibu. Basi waione, watapona.

Siku ya kwanza iwe ya dakika chache, kwenye lami tambarare, keria ikiwa tupu. Ukifika kwenye tuta, simama kwenye pedali. Ukihisi ganzi, maumivu au ukaona damu, shuka.

"Baiskeli itamaliza nguvu za kiume zilizobaki."

Nguvu hizo hutikiswa na upasuaji wenyewe, hasa wa kutoa tezi nzima, kwa kuwa neva zake zimepita ubavuni mwa tezi. Kurudi kwake kunaweza kuchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, hata kwa asiyegusa pedali. Utafiti wa Uingereza wa 2014 uliowahoji wanaume wapanda baiskeli zaidi ya 5,000 haukuona uhusiano kati ya saa za kupanda na upungufu wa nguvu za kiume. Ganzi isiyoisha ni jambo lingine, ipeleke kwa daktari.

"Usinywe maji, utajichafua njiani."

Mkojo mzito huwasha kibofu na kuongeza haraka ya kwenda haja. Kunywa maji, punguza chai na kahawa, vaa pedi. Kaza misuli ile unayotumia kuzuia mkojo, mara kadhaa kila siku, mpira ukishatolewa. Kuvuja hupungua kwa miezi, si kwa siku.

"PSA imepanda? Ni baiskeli hiyo."

Kwa aliyetolewa tezi nzima, kipimo cha PSA, yaani cha protini ya tezi dume iliyo kwenye damu, kinapaswa kuwa karibu na sifuri, na hakuna tezi ya kukandamizwa na siti. Kikipanda, usisingizie baiskeli: rudi kliniki upesi. Kwa aliyepunguzwa tu, sehemu ya nje ya tezi ingali ndani na inaweza kupata saratani baadaye, hivyo bado anahitaji kupimwa. Huyo ndiye wa kuacha baiskeli siku mbili kabla ya kutolewa damu, na kumwambia mpimaji alifanyiwa upasuaji gani.