Maana ya tuatha: jamii ya mfalme mdogo katika Ayalandi ya kale

Tuatha ni jina la jamii ndogo ya kisiasa, yenye watu wake, ardhi yake na mfalme wake, ambayo ilikuwa msingi wa maisha ya Waayalandi katika karne za mwanzo za Ukristo wao na kwa muda mrefu baadaye, mpaka ilipopoteza nguvu hatua kwa hatua kabla ya Wanormani, wapiganaji waliotoka Britania, kutua kisiwani mwaka 1169. Makadirio yanayotumiwa sana na wanahistoria ni kwamba kwa wakati wowote ule kisiwa kilikuwa na tuatha zipatazo 100 hadi 150, na kwa kuwa wakazi wote wanadhaniwa kuwa walikuwa nusu milioni hivi, tuatha ya kawaida ilikuwa na watu elfu chache tu. Msomaji wa leo akisikia neno mfalme hufikiria kasri, jeshi na hazina. Mfalme wa tuatha alikaa ndani ya boma la duara lililozungushiwa handaki na tuta la udongo, mali yake kubwa ilikuwa ng'ombe, na raia wake wengi aliwajua kwa sura na kwa jina la baba.

Mpangilio huu uliweza kudumu kwa sababu Ayalandi haikuwahi kutawaliwa na Warumi. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anaandika kwamba Agricola, baba mkwe wake aliyekuwa gavana wa Britania katika karne ya 1, aliamini lejioni moja, yaani kikosi cha askari elfu tano hivi wa Kirumi, na askari wachache wa msaada wangetosha kukiteka kisiwa hicho. Jaribio lenyewe halikufanyika. Kwa hiyo Waayalandi hawakupata miji, sarafu, barabara za mawe wala mahakama za dola, mambo ambayo kwingineko magharibi mwa Ulaya yaliacha alama hata baada ya dola ya Kirumi kuporomoka. Ptolemaio, mtaalamu wa Kigiriki aliyeandika jiografia yake katika karne ya 2, aliorodhesha majina ya watu waliokaa kisiwani, na kati yao ni wachache tu wanaoweza kuoanishwa na watu wanaotajwa katika maandishi ya baadaye. Ushahidi wa kwanza wa Waayalandi wenyewe ni mawe ya Ogamu, maandishi ya kale ya Kiayalandi yaliyochongwa kwa mistari kwenye ukingo wa jiwe kati ya karne ya 4 na ya 7. Mawe yapatayo 400 yamesalia, mengi yakiwa kusini katika maeneo ya Kerry, Cork na Waterford, na mara nyingi hayasemi zaidi ya jina la mtu, jina la baba yake na jina la babu wa zamani ambaye watu wake walijinasibisha naye.

Kutokana na mawe hayo, mtu anaweza kudhani kwamba tuatha ilikuwa ukoo uliopanuka, na wanahistoria wa katikati ya karne ya 20 walipenda kuizungumzia hivyo. Hoja hiyo haisimami vizuri mbele ya maandishi ya sheria ya karne ya 7 na ya 8. Ndani ya tuatha moja waliishi watu wa nasaba mbalimbali: ukoo wa mfalme, koo nyingine za waungwana zenye ardhi yao, watu walioshindwa vitani zamani na kubaki wakilipa kodi, wapangaji wasio na ardhi, na watumwa. Sheria zenyewe haziielezi tuatha kwa damu. Zinasema kwamba jamii isiyo na mfalme, isiyo na kanisa, isiyo na mwanachuoni na isiyo na malenga si tuatha. Kigezo chao kilikuwa vyeo vinavyoifanya jamii iweze kujisimamia.

Ukoo ulikuwa na kazi yake, lakini katika ngazi ya chini zaidi. Wanaume waliotokana na baba wa babu mmoja waliunda kundi lililomiliki ardhi ya urithi kwa pamoja, na hakuna aliyeweza kuuza fungu lake bila ridhaa ya wenzake. Kundi hilohilo liliwajibika kulipa deni la ndugu aliyetoroka, na lilipokea fidia ndugu yao alipouawa. Watu waliogombea ufalme nao walitoka katika kundi la namna hiyo, kwani kwa kawaida mwana wa mfalme hakuurithi ufalme moja kwa moja. Binamu na ami walikuwa na haki sawa ya kuutaka, na taarikh za wamonaki zimejaa mauaji ya ndugu kwa ndugu yaliyotokana na kanuni hiyo.

Mfalme huyo hakuwa mtunga sheria. Sheria ilikuwa mikononi mwa wajuzi waliosomea kazi hiyo kwa miaka mingi, na mfalme aliruhusiwa kutoa amri za dharura tu, kwa mfano baada ya kushindwa vitani au baada ya tauni. Kazi zake zilikuwa kuongoza vita, kuitisha mkutano wa watu, kufanya mikataba na wafalme jirani, na kuwa mtu ambaye heshima ya jamii nzima ilining'inia kwake. Andiko la sheria liitwalo Críth Gablach, la mwanzoni mwa karne ya 8, linapanga hata wiki yake: Jumapili ni ya kunywa pombe na watu wake, Jumatatu ya hukumu, Jumanne ya mchezo wa bao lao walilouita fidchell, Jumatano ya kutazama mbwa wakiwinda, Alhamisi ya mkewe, Ijumaa ya mbio za farasi na Jumamosi ya hukumu tena. Ratiba hiyo inaonekana kuwa na mzaha ndani yake, ingawa inaonyesha vizuri kwamba mfalme alitarajiwa kuonekana mbele ya watu kuliko kuagiza.

Kwa sababu hiyo mwili na mwenendo wa mfalme vilikuwa mambo ya umma. Akikutwa ameshika jembe, shoka au nyundo, akijeruhiwa mgongoni wakati wa kukimbia vita, au akivumilia shairi la kumkashifu bila kulijibu, alishuka hadhi hadi ya mkulima. Sheria za ufugaji wa nyuki zinamtaja Congal, aliyetawala Tara, makao ya kifalme yenye heshima kubwa kisiwani, katika karne ya 7, kwamba alipoteza ufalme huo baada ya nyuki kumpofusha jicho moja, kwa kuwa mfalme mwenye ila hakufaa kukaa pale. Waliamini pia kwamba hukumu ya haki ya mfalme huleta mavuno, maziwa na samaki, na hukumu ya uongo huleta njaa. Na ili deni lisimwaibishe, mfalme aliwekewa mtu wa hadhi ya chini ambaye mdai angeweza kukamata mifugo yake badala ya kumgusa mfalme mwenyewe.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linaloifafanua tuatha kuliko mipaka au nasaba. Kila mwungwana alikuwa na thamani ya heshima, yaani kiasi cha mali ambacho alistahili kulipwa akitukanwa, akidhulumiwa au akivunjiwa ulinzi aliompa mgeni wake. Thamani hiyo ilihesabiwa kwa ng'ombe na kwa kipimo kilichoitwa kumali, yaani bei ya kijakazi mmoja, ambayo mara nyingi ililinganishwa na ng'ombe watatu wa maziwa. Kwamba mwanamke mtumwa aligeuzwa kuwa kipimo cha fedha kunaeleza mengi kuhusu jamii hiyo ambayo hupendwa kusifiwa kwa haki zake. Mfalme wa tuatha alikuwa na kumali 7, sawa na ng'ombe 21. Askofu na malenga mkuu waliwekwa sawa naye. Mkulima mwenye uwezo alihesabiwa kwa thamani ya ng'ombe wawili na nusu, na kijana aliyeanza kujitegemea kwa ng'ombe mmoja na nusu. Mwungwana akiuawa, muuaji na ukoo wake walilipa dia ya kumali 7 bila kujali cheo cha marehemu, na juu yake wakawalipa ndugu zake kwa kadiri ya heshima zao.

Thamani hiyo haikuhusu matusi na mauaji pekee. Mtu hakuweza kuwa mdhamini wa mkataba uliozidi thamani yake ya heshima, na kiapo cha mwenye hadhi kubwa kilikishinda kiapo cha mwenye hadhi ndogo. Pasipo polisi wala gereza, mambo yalitekelezwa kwa wadhamini, kwa shinikizo la ukoo na kwa kukamata mifugo ya mdaiwa baada ya kutoa notisi na kungoja siku zilizowekwa. Dhidi ya mtu mkubwa mdai alipaswa kwanza kufunga kula mlangoni pake. Mkubwa aliyempuuza mfungaji bila kutoa rehani alipoteza haki zake mbele ya sheria. Hata uhusiano wa kabaila na wafuasi wake ulifuata mkondo huohuo: kabaila alimkopesha mkulima ng'ombe, mkulima akalipa kwa nyama, shayiri, siagi na kazi za mikono, na idadi ya wafuasi wa namna hiyo ndiyo iliyopandisha cheo cha kabaila.

Sasa, thamani hiyo yote ilikuwa na nguvu ndani ya tuatha yake tu. Mtu wa kawaida akivuka mpaka bila mkataba kati ya wafalme wa pande mbili, aliacha nyuma ukoo wa kumlipia, wadhamini wa kumtetea na majirani wa kuapa pamoja naye. Mgeni aliyetoka ng'ambo ya bahari akaoa mwanamke wa mahali alihesabiwa kwa nusu ya thamani ya mkewe, na mke ndiye aliyebeba dhamana yake. Waliosafiri wakiwa na heshima yao kamili walikuwa wachache, hasa malenga na watu wa kanisa, na ndiyo sababu lugha, mashairi na sheria vilifanana kutoka kaskazini hadi kusini ingawa kisiwa kiligawanyika vipande zaidi ya mia.

Ukristo uliingia ndani ya mpango huu bila kuuvunja. Mwaka 431 Papa Selestino alimtuma Palladius kuwa askofu wa kwanza wa Waayalandi waliokwisha kumwamini Kristo, na katika karne hiyohiyo alifanya kazi Patrick, ambaye mwenyewe aliwahi kuletwa kisiwani akiwa mtumwa. Patrick anasimulia kwamba alilazimika kuwapa wafalme zawadi na kuwalipa wana wao waliofuatana naye ili apite salama. Wamonaki wa baadaye waliigeuza hali ya ugeni kuwa ibada. Kwa kuwa hakuna hasara kubwa iliyoweza kumpata Mwayalandi kuliko kutoka nje ya tuatha yake, kuiacha kwa hiari kwa ajili ya Mungu kulihesabiwa kuwa toba ya juu kabisa, na kuvuka bahari kulizidi kuhamia tuatha nyingine. Columba, wa ukoo wa kifalme wa Cenél Conaill, aliondoka mwaka 563 na kuanzisha monasteri ya Iona magharibi mwa Uskoti. Columbanus alikwenda Galia, yaani Ufaransa ya leo, karibu na mwaka 590, akaanzisha Luxeuil, na akafia Bobbio, Italia, mwaka 615. Sheria nayo ilimtambua mgeni wa Mungu wa namna hii: aliyekuwa hana kitu kwa kanuni za kawaida alipewa hadhi ya kulingana na askofu au mfalme.

Kanisa pia lilionyesha namna kanuni moja ingeweza kuvuka mipaka ya wafalme wote. Mwaka 697, huko Birr katikati ya Ayalandi, Adomnán, abati wa Iona, alitangaza sheria ya kuwalinda wanawake, watoto na makasisi wakati wa vita. Kwa kuwa hakukuwa na mamlaka ya juu ya kuitekeleza, sheria hiyo ilisimama juu ya wadhamini 91, wafalme na viongozi wa kanisa, yaani kwa mbinu ileile ambayo wakulima wawili wangetumia kukopeshana ng'ombe.

Juu ya wafalme wa tuatha kulikuwa na wafalme wakuu wa ngazi mbili, na juu kabisa walikaa wafalme wa majimbo kama Munster na Leinster. Mfalme mkuu alichukua mateka kutoka kwa mfalme mdogo na kumpa zawadi, lakini kwa nadharia hakuwa na amri juu ya watu wa mwenziwe. Nadharia hiyo ilianza kupungua nguvu mapema. Uí Néill, nasaba iliyoshikilia Tara na sehemu kubwa ya kaskazini na katikati, na Eóganachta waliotawala Cashel kusini, walikuwa wakipandikiza wana wao juu ya ardhi za watu wadogo, na kuanzia karne ya 8 taarikh zinaanza kuwaita baadhi ya wakuu wa tuatha mabwana au viongozi wa vita badala ya wafalme. Waviking, mabaharia wa Skandinavia walioanza kushambulia mwaka 795 na kuweka kambi yao Dublin mwaka 841, waliongeza kasi ya mabadiliko hayo, kwa sababu vita vikubwa, meli na biashara ya watumwa na fedha viliwafaidi wafalme wenye nguvu. Brian Bóruma, ambaye ukoo wake wa Dál Cais ulikuwa mdogo karne mbili kabla, aliandikwa katika kitabu cha kanisa la Armagh mwaka 1005 kuwa mtawala mkuu wa Waayalandi, na akauawa katika vita vya Clontarf, karibu na Dublin, mwaka 1014.

Kufikia karne ya 12 wafalme wa majimbo walikuwa wakigawa ardhi za watu wengine kwa hati: Toirdelbach Ua Conchobair wa Connacht aliikata Munster vipande viwili mwaka 1118 na kuwapa watawala aliowataka. Tuatha ilibaki kuwa eneo la kukusanyia kodi na askari, na mkuu wake alikuwa mtumishi wa mfalme mkubwa. Wanormani walipofika waligawana nchi kwa kufuata maeneo hayo waliyoyakuta, na katika sehemu nyingi mipaka ya wilaya walizoziweka ilipita palepale ilipopita ya wafalme wale wadogo.