Je, Wajua? Upasuaji wa Kupunguza Uzito Haugusi Kitambi

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu akifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, daktari anamkata mafuta, anamshona, basi. Baadaye nikajisahihisha nusu tu: nikadhani mfuko wa chakula unafanywa mdogo, mtu anakosa pa kuweka ugali, anakonda kwa kukosa nafasi. Maelezo yote mawili bado yanasikika kila mahali, na yanawaumiza hasa vijana, maana yanawafanya waonekane wavivu waliokimbilia njia ya mkato.

Tuanze na mafuta. Kuyanyonya ni upasuaji mwingine kabisa, wa kurekebisha umbo. Katika upasuaji unaofanyiwa vijana wengi siku hizi, vifaa hupitishwa kwenye matundu madogo ya tumbo, na takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula huondolewa. Hubaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Mgonjwa anatoka chumba cha upasuaji na mafuta yake yote.

Na nafasi? Ingekuwa ndiyo siri, mkanda wa silikoni unaofungwa sehemu ya juu ya mfuko wa chakula ungetosha, maana nao unabana. Marekani iliuidhinisha mwaka 2001, ukavuma sana. Lakini waliofungwa mkanda walipungua kidogo kuliko waliokatwa, wengi wakarudi kuutoa, na leo hautumiki sana. Tena, aliyekosa nafasi tu angeshinda na njaa kutwa. Wengi waliokatwa wanasema kinyume: hamu yenyewe imepungua.

Fikiria tenki la maji lenye boya. Ukichota ndoo mbili, boya linashuka, koki inafunguka, maji yanarudi pale pale. Chota tena, yatarudi tena. Mwili nao hulinda uzito wake hivyo. Kijana akijinyima, ubongo unaona akiba imeshuka: njaa inapanda, na mwili unabana matumizi ya nishati. Anachota kwa ndoo huku koki iko wazi, halafu watu wanamwambia hana nia. Upasuaji ni kama kuukunja mkono wa boya, koki ifunge maji yakiwa chini zaidi.

Mkono huo unakunjwaje? Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kiasi kikubwa cha grelini, homoni ya njaa. Pia chakula hufika haraka kwenye utumbo mwembamba, nao unamwaga homoni za shibe, ikiwemo GLP-1, ile ile inayoigwa na semaglutide, dawa ya sindano ya kupunguza uzito. Ila grelini isibebeshwe mzigo wote: panya wa maabara wasio na homoni hiyo kabisa nao walikonda walipokatwa. Asidi za nyongo nazo zinaonekana kuhusika.

Kwa vijana, ushahidi mwingi unatoka Marekani, kwenye utafiti uitwao Teen-LABS. Vijana 242 wa miaka 13 hadi 19 walifanyiwa upasuaji kati ya 2007 na 2012. Baada ya miaka mitatu walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 27 ya uzito. Lililonishangaza zaidi ni kisukari aina ya 2. Miaka mitano baada ya aina nyingine ya upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kuunganisha utumbo upya, kilikuwa kimetulia kwa asilimia 86 ya vijana waliokuwa nacho, dhidi ya asilimia 53 ya watu wazima. Vijana wenye kisukari walikuwa wachache, kwa hiyo tarakimu hiyo ishikwe kwa tahadhari. Hata hivyo, Januari 2023 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kwamba wenye unene uliokithiri kuanzia miaka 13 wapewe nafasi ya kutathminiwa kwa upasuaji, badala ya kuambiwa wasubiri wakue.

Gharama yake ipo kwenye damu. Katika utafiti huo huo, baada ya miaka mitatu asilimia 57 walikuwa na akiba ndogo ya madini ya chuma. Binti wa miaka 16 anayepata hedhi kila mwezi ataondoka hospitali na vidonge vya kumeza kila siku, maisha yake yote, na tarehe ya kurudi kupima damu.