Ukiukuta mfupa uliogeuka jiwe, uache palepale

Masika yaliyopita kijana mmoja, mchimbaji mdogo wa dhahabu, aliniletea mfuko wa salfeti kutoka upande wa Songwe. Ndani mlikuwa na vipande vya mfupa uliogeuka jiwe, vimesuguliwa kwa brashi ya waya na sabuni mpaka vikang'aa, maana dalali alimwambia mzigo msafi unalipa zaidi. Nilikigeuza kimoja penye mvunjiko nikaona matundu madogo madogo yaliyoshikana kama sega la nyuki lililokauka. Kilikuwa kisukuku kweli. Nikamuuliza wamekitoa wapi. Korongoni. Korongo lipi? Hakukumbuka. Siku hiyo walipita makorongo manne, na aliyekuwa anaongoza njia ni dalali.

Hapo ndipo habari ya mfupa ule ilipokatikia. Umri wa kisukuku tunausoma kwenye tabaka la mwamba uliokibeba. Katika bonde la Rukwa, mwendo wa gari tu kutoka Mbeya mjini, kuna miamba ya Galula yenye mifupa ya dinosaria walioishi miaka milioni 100 hivi iliyopita, na kuna miamba ya Nsungwe, ya miaka milioni 25, ambayo imetoa visukuku vya nyani wa kale. Kati ya miamba hiyo miwili kuna pengo la miaka milioni 75. Kipande kidogo kilichooshwa kikabaki bila hata punje ya udongo wake hakiwezi kuniambia kimetoka upande upi.

Hata ile brashi ya waya ilifanya madhara. Mifupa ya Shingopana songwensis, dinosaria mwenye shingo ndefu aliyetangazwa mwaka 2017, ina alama za wadudu walioitoboa muda mfupi baada ya mnyama kufa. Kwa alama hizo tunajua mzoga ulikaa juu ya ardhi kabla ya kufunikwa. Mtu akisugua kwa nguvu dakika tano tu, ushahidi wa namna hiyo umekwisha.

Linganisha na kilichofanyika kwenye mto Mtuka, hukohuko bonde la Rukwa. Mwaka 2004 watafiti waliona mifupa imechomoza kwenye ukuta wa korongo, juu ya mto ambao maji yake huja kwa msimu. Waliichimba hadi mwaka 2008, wakati mwingine wakining'inia kwa kamba, wakikimbizana na mafuriko yasije yakaibeba. Ilikuwa ya dinosaria, na jina lake lilitangazwa mwaka 2019: Mnyamawamtuka moyowamkia. Sisi hatuhitaji mkalimani hapo. Ni mnyama wa Mtuka, na pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Miaka kumi na mitano kutoka korongoni hadi jina! Dalali hana subira hiyo.

Naomba nisieleweke vibaya. Siwafukuzi watu wa kawaida kwenye kazi hii, kwa sababu bila wao isingekuwepo. Isimila, pale Iringa, zana za mawe za watu wa kale zilitambuliwa mwaka 1951 na mwanafunzi aliyekuwa anapita njia. Uingereza mwaka 1983 fundi bomba aitwaye William Walker, aliyependa kuokota visukuku siku za mapumziko, alikuta ukucha mkubwa kwenye shimo la udongo, na ndio uliotufikisha kwa dinosaria Baryonyx. Tendaguru, kule Lindi, vitabu vinamtaja mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Sattler, mwaka 1906, lakini wenyeji walikuwa wakiiona mifupa ya dinosaria mashambani mwao kabla yake. Uchimbaji wa mwaka 1909 hadi 1913 uliendeshwa kwa jasho la mamia ya Waafrika, na msimamizi wao hodari, Boheti bin Amrani, anastahili kujulikana kuliko anavyojulikana.

Biashara nayo ina historia yake. Mary Anning wa Lyme Regis, Uingereza, alikula kwa kuuza visukuku, na sayansi inamdai mengi. Marekani, kisukuku kilichoko kwenye ardhi ya mtu binafsi ni mali yake, anaweza kukiuza. Mwaka 1997 dinosaria wa aina ya tiranosaria aitwaye Sue aliuzwa mnadani kwa dola milioni 8.36, na kwa bahati akaenda makumbusho ya Field, Chicago. Mwaka 2024 dinosaria mwingine, stegosaria aitwaye Apex, aliuzwa dola milioni 44.6, akanunuliwa na tajiri mmoja. Habari kama hizo zikifika kwenye simu za vijana wa Chunya, dalali hana tena haja ya kubembeleza. Asichowaambia ni kwamba Apex alikuwa mifupa karibu kamili, iliyotolewa kihalali chini ya sheria za kwao.

Kwetu sheria ni nyingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavihesabu visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo, na vya mimea, kuwa malikale. Kuchimba bila leseni yake ni kosa, na kusafirisha nje bila kibali ni kosa. Leseni ya madini haifuniki jambo hili. Mongolia, ambayo nayo inakataza biashara hiyo, ilifuatilia mifupa ya dinosaria aitwaye Tarbosaria iliyopigwa mnada New York mwaka 2012 kwa zaidi ya dola milioni moja, na mwaka uliofuata ikarudishiwa.

Kwa hiyo ndugu mchimbaji, mfugaji, mama unayelima ukingoni mwa mto: ukiona jiwe lenye sega la mfupa ndani, usiling'oe. Lipige picha ukiweka jembe au kandambili pembeni ili ukubwa uonekane, kisha piga nyingine kwa mbali, korongo lionekane. Hifadhi eneo kwenye ramani ya simu. Mvua ikiwa inatishia, funika kwa udongo uleule. Halafu mwone mtendaji wa kijiji, na yeye apeleke taarifa wilayani kwa ajili ya Idara ya Mambo ya Kale.

Kijana yule tulirudi naye Songwe, tukatembea siku mbili. Kwenye korongo la tatu alisimama, akasema ni kama hapa. Ukingo ulikuwa umeporomoka, maji yamepita. Vipande vyake ninavyo stoo, kwenye sanduku, na kadi yake ina tarehe, idadi na jina lake. Mstari wa mahali haujaandikwa kitu.