Wingi wa Kura na Uzito wa Kura: Gavana wa Vermont na Wenye Bunduki

Katika vipindi vya elimu ya uraia tunavyowaandalia wasemaji wa Kiswahili wa Burlington na Winooski, jimboni Vermont, kuna swali linalorudi karibu kila mara. Wengi wa wanaohudhuria ni Wakongo waliofika kama wakimbizi na sasa wamekula kiapo cha uraia wa Marekani. Wanasikia kwamba Wamarekani walio wengi wanataka kila mnunuzi wa bunduki akaguliwe rekodi zake kwanza, kisha wanasikia kwamba muswada wa jambo hilohilo umeangushwa. Wanauliza: kama wengi wanataka, anayekataa ni nani?

Ni kweli wengi wanataka. Uchunguzi wa maoni kwa miaka mingi umeonyesha kuwa zaidi ya watu 8 kati ya 10 wanaunga mkono ukaguzi huo, wakiwemo wamiliki wengi wa bunduki. Lakini kutaka jambo ni kimoja, na kumwadhibu mwanasiasa kwa sababu ya jambo hilo ni kingine. Anayeunga mkono ukaguzi ana mengine kumi kichwani: kodi ya nyumba, bima ya afya, shule ya watoto. Mtetezi mkali wa bunduki ana moja. Huyo hupiga simu ofisini kwa mbunge, huenda mkutanoni hata theluji ikianguka, hujitokeza kwenye kura za mchujo, zile za kumteua mgombea wa chama, ambazo jirani yake hata hajui zinafanyika lini, na akikosewa hasahau. Mwanasiasa huwahesabu wapiga kura, kisha huwapima uzito.

Tarehe 17 Aprili 2013, miezi minne baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa kwa risasi katika shule ya Sandy Hook, Seneti ya Marekani ilipigia kura pendekezo la Joe Manchin, Mdemokrati wa West Virginia, na Pat Toomey, Mrepublikani wa Pennsylvania. Wote wawili walikuwa wakipewa alama za juu na NRA, chama kikubwa cha watetezi wa bunduki. Pendekezo lao lilikuwa la katikati hasa: kupanua ukaguzi hadi mauzo ya kwenye maonyesho ya bunduki na ya mtandaoni, bila kumnyang'anya mtu chochote. Lilipata kura 54 dhidi ya 46. Ili lipite zilihitajika 60.

Hapa Vermont mambo yana historia ndefu zaidi, na mimi naona ndiyo shule bora ya somo hili. Katiba ya jimbo, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1777, inataja haki ya watu kubeba silaha kwa kujilinda wao na jimbo lao. Mwaka 1903 Mahakama ya Juu ya jimbo ilitupilia mbali sheria ndogo ya mji wa Rutland iliyomtaka mtu aombe ruhusa kabla ya kubeba bastola. Hadi leo Vermont haina kibali cha kubeba bunduki iliyofichwa, kwa sababu haikuwahi kukidai. Kwa mtu aliyekulia Tanzania au Kenya, ambako silaha ya raia huanza na maombi ya leseni, hili linahitaji kutafakariwa upya kabisa. Huku mwenye bunduki hajioni kama mtu aliyepewa ruhusa. Anaona kwamba serikali ndiyo inayopaswa kujieleza. Ongezeni na uwindaji: kila Novemba, msimu wa kulungu wa siku 16 huwatoa watu makazini na kuwapeleka msituni, baba na binti, babu na mjukuu, na nyama hiyo inaliwa hadi majira ya kuchipua. Anayewachukulia watu hawa wote kama wapenda vita hajawaelewa, na hatapata kura zao.

Peter Smith alilijua hilo kwa gharama kubwa. Alichaguliwa mwaka 1988, akiwa Mrepublikani, kuwa mbunge pekee wa Vermont katika Baraza la Wawakilishi. Mwaka uliofuata alibadili msimamo na kuunga mkono muswada wa kupiga marufuku bunduki za kivita. NRA iliwahimiza wanachama wake wamwondoe, na mwaka 1990 aliangushwa kwa asilimia 56 dhidi ya 40. Bunduki hazikuwa sababu pekee. Kampeni yake ilikuwa na makosa mengine. Lakini kilichowauma wawindaji zaidi ya msimamo wenyewe ni kwamba walijiona wamedanganywa.

Aliyemshinda ni Bernie Sanders. Naye, msoshalisti wa Burlington, alijikuta hana budi kutafuta njia ya katikati. Mwaka 1993 alipiga kura ya kuupinga muswada wa Brady ulioanzisha ukaguzi wa kitaifa wa wanunuzi, kisha mwaka 1994 akaunga mkono marufuku ya bunduki za kivita. Alipowania urais mwaka 2016, Hillary Clinton alimshambulia kwa kura zilezile zilizomlinda nyumbani. Ndiyo shida ya kusimama katikati: kila upande hukukumbusha nusu ya maneno yako.

Sasa tuje kwa Phil Scott, gavana Mrepublikani, mzaliwa wa Barre, anayejulikana pia kama dereva wa magari ya mashindano katika uwanja wa Thunder Road. Mauaji ya shuleni Parkland, Florida, yalipotokea tarehe 14 Februari 2018, alisema haoni haja ya kubadili sheria za bunduki za Vermont. Siku moja baadaye polisi walimkamata kijana aliyekuwa akipanga kuishambulia shule ya sekondari ya Fair Haven, hapahapa jimboni. Scott alisoma hati ya mashtaka, na kwa maelezo yake mwenyewe ilimshtua na kumbadili mawazo.

Tarehe 11 Aprili 2018 alitia saini sheria tatu. Angeweza kufanya hivyo ofisini, mlango umefungwa. Alitoka nje, kwenye ngazi za jengo la Bunge mjini Montpelier, mbele ya umati ambao nusu yake ilikuwa ikimpigia kelele na kumwita msaliti. Alieleza kwa nini amebadilika, akakubali kwamba wengi waliompa kura wamekasirika, kisha akatia saini.

Tuzisome sheria zenyewe, maana ndani yake ndiko msimamo wa kati unapoonekana. Ya kwanza ina mambo matatu. Mauzo kati ya watu binafsi sasa hupitia kwa muuzaji mwenye leseni ili mnunuzi akaguliwe, lakini ndugu wa karibu wa familia wamesamehewa. Umri wa kununua ulipandishwa hadi miaka 21, lakini kijana aliyehitimu mafunzo ya uwindaji salama anaruhusiwa. Magazini, yaani kasha la risasi, ya bunduki ndefu isizidi risasi 10 na ya bastola isizidi 15, lakini aliyekuwa na kubwa zaidi kabla ya sheria hakupokonywa. Sheria nyingine mbili zinaruhusu silaha iondolewe kwa muda: kwa amri ya mahakama pale mtu anapokuwa hatari kwake au kwa wengine, na kwa mikono ya polisi wanapokuta ugomvi wa nyumbani. Hizi mbili hazikuzua kelele sana, ila kwa maoni yangu ndizo nzito zaidi, kwa kuwa wengi wanaokufa kwa risasi Vermont ni watu waliojiua.

Je, aliadhibiwa? Umaarufu wake ulishuka, hasa ndani ya chama chake. Katika mchujo wa Agosti 2018, Keith Stern, mpinzani ambaye jimbo zima halikumfahamu sana, alipata karibu theluthi moja ya kura. Onyo lilitolewa. Lakini Scott alipita, Novemba akashinda kwa asilimia 55, na mwaka 2022 na 2024 akapata zaidi ya 70.

Tofauti yake na Smith, nionavyo mimi, haikuwa ujasiri tu. Scott alionyesha mpaka wake uko wapi na akaulinda pande zote mbili. Mwaka 2019 aliukataa muswada wa kumfanya mnunuzi wa bastola asubiri saa 24. Mwaka 2022 aliukataa mwingine uliotaka muuzaji asikabidhi silaha hadi ukaguzi ukamilike bila kikomo cha muda, akapendekeza siku 7 za kazi badala ya 3 za sheria ya shirikisho, na hizo akazitia saini. Mwaka 2023, muswada wa kusubiri saa 72 ulipomfikia, aliuacha uwe sheria bila saini yake, akisema ana shaka kama unapatana na katiba. Mwenye bunduki anaweza kumchukia kwa ya 2018, lakini hawezi kusema kwamba hajui atafanya nini kesho.

Sababu ya pili ya Scott kunusurika ni ya utaratibu, na inatuhusu moja kwa moja. Vermont haimwandikishi mpiga kura chini ya chama. Siku ya mchujo unachagua mwenyewe, kwa siri, karatasi ya chama unachotaka kushiriki. Pennsylvania, alikotoka Toomey, mchujo ni wa wanachama waliojiandikisha tu, na huko kundi dogo lenye hasira lina nguvu kubwa zaidi.

Kwa hiyo wewe uliyekula kiapo, zingatia hili. Karatasi za uchaguzi mkuu wa Novemba hutumwa nyumbani kwa posta kwa kila mpiga kura aliyeandikishwa. Za mchujo, unaofanyika Jumanne ya pili ya Agosti, hazitumwi hadi uombe. Mwambie karani wa mji wako mapema, ofisini au kwa simu, kwamba unaitaka yako. Wale waliompigia Scott kelele kwenye ngazi za Montpelier wameshaomba zao.