Je, wajua kwa nini udongo wa "fanya juu" hurushwa upande wa mlimani?

Ukipita Machakos au Makueni, Kenya, utaona mashamba ya mteremko yamepangika ngazi kwa ngazi, kingo zake zimeota majani ya kulisha ng'ombe. Nyingi ya ngazi hizo zilianza na mtaro tu. Mkulima alichimba mtaro wa kukingama na mteremko, upana sentimita 60 na kina hivyo hivyo, na kila beleshi la udongo akalirusha juu, upande wa mlimani. Ndiyo asili ya jina fanya juu, jina la Kiswahili ambalo wataalamu wa udongo wanalitumia hadi Ethiopia.

Mbona ajitese? Mtaro wa namna hiyo wenye urefu wa mita 100 hutoa mita za ujazo 36 za udongo, zaidi ya tani 40. Kuzitupa bondeni kungekuwa nafuu mno kwa mgongo wake.

Tufuate maji. Tone kubwa la mvua hutua kwa kasi ya karibu kilomita 30 kwa saa. Likiukuta udongo uko uchi, linauchambua. Chembe laini zinaziba vitundu vya ardhi, maji yanakosa pa kuzama, yanaanza kuteremka. Shamba likiwa refu yanaongezeka wingi na kasi njiani, na yanachobeba ni ule udongo wa juu wenye mboji, ule ule uliotiliwa samadi. Ukipotea unene wa milimita 1 tu katika hekta moja, zimekwenda kama tani 13, na asubuhi ukitembea shambani huenda usione tofauti yoyote.

Udongo uliorushwa unakuwa tuta. Tuta likiwa juu ya mtaro, maji ya tope yanalikuta tuta kwanza. Yanasimama, tope linatua, maji yanazama taratibu. Msimu hadi msimu ardhi ya nyuma ya tuta inainuka, shamba linazidi kulala, mpaka siku moja unagundua unapalilia mahali tambarare. Mvua iliyokuwa ikiiba udongo ndiyo iliyojenga ngazi. Mtaro ulio chini ya tuta unabaki kupokea maji yanayofurika. Ukirusha udongo bondeni, yaani fanya chini, tope linatumbukia mtaroni kwanza na kuujaza, nawe kila msimu ni kuzibua. Nayo ina mahali pake, hasa kwenye mteremko mkali ambako kurusha juu ni kazi isiyowezekana.

Kujenga polepole kuna faida nyingine, na hii ilijifunzwa kwa uchungu Morogoro. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kukata matuta ya ngazi milimani Uluguru, ngazi kamili kwa mara moja. Ukikata hivyo kwenye udongo wenye kina kifupi, unafukia rutuba na kuacha juu udongo mfu wa chini. Watu walitoka jasho kwa amri, kisha wakapanda kwenye ardhi iliyoharibiwa. Mwaka 1955 ghasia zikazuka huko Matombo, na mpango ukaachwa. Mimi siwalaumu Waluguru hata kidogo. Walilijua shamba lao.

Wakamba, wenyeji wa Machakos na Makueni, nao waliwahi kuonja amri za hifadhi ya ardhi: mwaka 1938 waliandamana hadi Nairobi, Muindi Mbingu akiwaongoza, kupinga kunyang'anywa ng'ombe kwa hoja kwamba wanamaliza ardhi. Lakini baadaye walichimba fanya juu kwa hiari, kwa vikundi vya mwethya, wengi wao wanawake, leo kwa huyu kesho kwa yule. Tangu mwanzo wa miaka ya 1930 hadi 1989 watu wa Machakos waliongezeka kutoka kama 240,000 hadi karibu milioni 1.4, na bado mmomonyoko ulipungua.

Mtaalamu anahitajika wapi basi, kama jembe na beleshi vinatosha? Kwenye mstari. Tunatumia fito mbili zenye urefu sawa, kamba ya mita 10, na pimamaji ndogo, kile kichupa chenye kiputo cha hewa, iliyoning'inia katikati kabisa ya kamba. Mmoja anasimama na ufito wake, mwenzake anapanda au kushuka hatua moja moja mpaka kiputo kikae katikati. Hapo panapigwa kigingi. Kamba ikilegea, au pimamaji ikisogea kidogo kutoka katikati, mstari unadanganya. Maji hayasamehe kosa hilo. Yatakusanyika palipoinama, yatapasua tuta, yatashukia tuta la pili yakiwa na nguvu zaidi, na kwa usiku mmoja mmepata korongo mahali palipokuwa na mahindi. Tuta bovu ni hatari kuliko shamba lisilo na tuta.

Ndiyo maana nikifika shambani mara ya kwanza, pimamaji hukaa mfukoni. Namwomba mwenye shamba tutembee, anionyeshe maji ya masika hupita wapi. Mama mmoja hakusema neno. Alinipeleka kwenye ua wa chini na kuniinamisha nione mabua makavu yaliyonasa kwenye miti, usawa wa goti, mstari mmoja ulionyooka. Vigingi vyetu tulianza kuvipiga kutoka hapo kwenda juu.