Japani, chakula cha bei nafuu hakiko penye foleni ya watalii

Msafiri mwingine ameniomba nimpangie Osaka ziara ya chakula cha mitaani "kwa sababu mfuko ni mdogo", akiamini, kama wengi waliomtangulia, kwamba kinachochomwa nje lazima kiwe rahisi kuliko kinachopikwa ndani. Imani hiyo ina mantiki Afrika Mashariki, ambako mama lishe humshibisha fundi kwa bei ambayo mgahawa hauiwezi. Nchini Japani mambo ni kinyume, na kazi yangu ya kuongoza wageni imekuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya kukanusha.

Tuanze na masoko yenye majina. Soko la jumla la samaki la Tsukiji, jijini Tokyo, lilihamia eneo la Toyosu Oktoba 2018, na kilichobaki pale ni soko la nje lenye maduka ya rejareja na vibanda vya chakula. Huko, kama ilivyo katika soko la Kuromon hapa Osaka, mshikaki mmoja wa wagyu, nyama ya ng'ombe wa Kijapani, unaweza kukugharimu zaidi ya bakuli mbili za gyudon, yaani wali uliofunikwa nyama ya ng'ombe na vitunguu, katika mgahawa wa kawaida. Nenda ukatazame samaki, lakini usiniambie unabana matumizi. Yatai za jiji la Fukuoka nazo, yaani vibanda vya chakula vya barabarani, zinazosimamiwa kwa sheria ndogo ya jiji ya mwaka 2013, ni mahali pa kukaa, kunywa na kuzungumza usiku. Anayeagiza sahani moja na kung'ang'ania kiti humnyima mwenye kibanda riziki yake.

Takoyaki ninaitetea. Uji wa unga humiminwa kwenye vishimo vya chuma, kipande cha pweza hutumbukizwa pamoja na tangawizi nyekundu, kisha mpishi huzungusha kila donge kwa kijiti cha chuma hadi liwe duara. Ndani hubaki laini na moto wa kuunguza ulimi, kwa hiyo subiri. Pweza wengi wanaotumika huagizwa kutoka Mauritania na Morocco, jambo ambalo wageni wangu wa Pwani hulipokea kwa kicheko.

Unafuu wenyewe uko supamaketi. Jioni, mfanyakazi hupita kwenye rafu za vyakula vilivyopikwa akibandika vibandiko vya punguzo, kwanza asilimia 20 au 30, na baadaye, karibu na kufunga, nusu bei. Saa hutofautiana kati ya duka na duka. Ushauri huu huutoa kwa kusitasita, kwa kuwa wazee wa mtaani huzisubiri sahani hizo hizo, na sijaridhika kwamba mgeni aliyeweza kulipia ndege anapaswa kuwatangulia. Kuna pia soba, aina ya tambi, za kula ukiwa umesimama stesheni, ambapo unanunua tiketi kwenye mashine na kumaliza bakuli kabla ya treni. Kumbuka kwamba tangu Oktoba 2019 chakula cha kubeba hutozwa kodi ya asilimia 8, na cha kulia dukani asilimia 10.

Kula ukitembea ni suala jingine linaloniudhi. Katika soko la Nishiki, Kyoto, wageni huombwa wasifanye hivyo: kula ukiwa mbele ya duka ulikonunua, mrudishie muuzaji kijiti chake, kwa maana mapipa ya taka barabarani ni machache mno.

Kwa Waislamu, tahadhari kubwa iko kwenye bucha za mtaani, kama zile za Tenjinbashisuji, mtaa wa maduka hapa Osaka, zinazouza korokke, katlesi za viazi za bei ya chini kabisa. Nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Hata baada ya kuuliza, mimi hubaki na mashaka, kwa kuwa muuzaji mwaminifu anaweza kujibu kwamba hamna nyama akifikiria vipande tu, bila kuhesabu mafuta wala mchuzi. Wakati wa baridi mimi huwaelekeza wageni hao kwenye yakiimo, viazi vitamu vya kuchoma ambavyo supamaketi nyingi huviweka karibu na mlango, na ambavyo havikaangwi wala havitiwi kitu.